Vidole Vyangu Viwili

Kasulu,
Jumapili, 7 Juni

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Nakuamkia kwa heshima na kwa moyo mwepesi kuliko siku zote za mwaka huu. Kifua kinaendeleaje na baridi hii ya Kumsenga? Mizinga ya bondeni imeingia nyuki, au siafu bado wanakusumbua? Mimi sijambo, na safari hii nikisema sijambo, niamini. Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu simu yako anaishika wifi Kezia, naye kila nikipiga huweka sauti ya juu, ukoo mzima ukasikiliza. Haya ni yako peke yako. Vaa miwani usome mwenyewe.

Umeniuliza mara mbili kwa nini posa ya Nicodemus, mwalimu mwenzangu anayetaka kunioa, imeahirishwa tangu Februari. Nilikujibu kwamba ni mitihani. Haikuwa mitihani. Ilikuwa vidole vyangu viwili.

Vilianza ganzi baada ya Krismasi: kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto, pamoja na nusu ya jirani yake. Mwanzoni nilihisi kama sisimizi wanatembea, baadaye vikawa kama si vyangu. Vifungo vikanishinda. Kikombe cha chai kikaniponyoka mbele ya mwalimu mkuu. Baba, unavijua vidole hivyo. Ndivyo vilivyojikunja kwenye mkono wako wa kulia kwa ule ukoma uliotibiwa nikiwa darasa la pili. Nikajiambia kwamba umenirithisha, na Mungu anisamehe, nilikukasirikia.

Nikaanza kujificha. Sahani yangu nikaitenga. Nicodemus nikamkwepa hadi akadhani nimepata mwanamume mwenye gari. Kila asubuhi nilijichoma kwa pini kuona kama bado nahisi, na kila nikimfikiria bwana harusi nilijiona namletea balaa. Mficha maradhi kilio humfichua, nalijua hilo, lakini kulijua na kulitii ni mambo mawili.

Mwezi wa nne nikapiga moyo konde nikaenda hospitali. Daktari ni mama wa Tanga, anaitwa Kudra, ana maneno laini na mikono migumu. Nilipomwambia naogopa ukoma hakushtuka wala hakusogeza kiti. Alinikagua ngozi yote akitafuta baka lisilohisi, akanipapasa shingo, viwiko na nyuma ya magoti kuona kama mishipa imenenepa, akachukua majimaji kidogo kwenye ndewe ya sikio yapelekwe maabara. Kisha akanigonga kwa kidole upande wa ndani wa kiwiko, pale ambapo mtu akijigonga huona nyota. Niliruka, maana umeme ulishuka hadi kidoleni. Akaniambia nikunje mkono huku nikihesabu hadi sitini. Sikufika arobaini, ganzi ikawa imefika. Akanipa karatasi niibane kwa kidole gumba, akaivuta, ikatoka bila ubishi.

Akataka kujua ninavyosahihisha madaftari. Nikamwonyesha: kiwiko cha kushoto juu ya meza, shavu juu ya ngumi, madaftari mia na kumi na nane kila siku. Akauliza ninavyolala, nikasema mkono naukunja chini ya shavu. Na simu? Hapo niliona haya, maana mimi na Nicodemus tulikuwa tukizungumza mpaka sikio linachemka. Alicheka, akasema mapenzi na madaftari ndivyo vilivyonibana. Akanieleza kwamba mshipa wa fahamu wa vidole hivyo viwili hupita kwenye kijia chembamba nyuma ya kiwiko. Ukiuegemea na kuukunja kila siku, unasongwa. Ukoma nao huupenda mshipa huo huo, ndiyo maana nilifananisha. Tena akasema hata ungekuwa ukoma, dawa ipo, haiuzwi, na aliyekwisha kutibiwa hamwambukizi mtu. Maabara nako majibu yakarudi safi. Nililia mbele yake kwa furaha, bila aibu.

Dawa yangu kubwa ni taulo! Nalizungusha kwenye kiwiko ninapolala kisikunjike. Siegemei meza, simu naiweka mbali na sikio, na asubuhi nanyoosha mkono kama alivyonifundisha. Alinionya kwamba nyama za kiganja zikianza kukonda, itabidi niende Mwanza wakapime mshipa, pengine wanipasue ili upate nafasi. Hatujafika huko. Ni wiki ya saba. Kidole cha pete kimeamka, cha mwisho bado kivivu. Jana nilifunga vifungo vyote vya sweta.

Sasa lile lililonifanya nikuombe usome peke yako. Daktari aliniuliza kama nimewahi kuishi na mgonjwa wa ukoma. Nikasema hapana. Akauliza kama baba yupo. Nikasema alishafariki. Uongo huo haukuanzia kwake. Nicodemus na wazazi wake niliwaambia hivyo tangu mwaka juzi. Ndiyo maana posa niliipeleka kwa baba mdogo Kipriani, Kibondo mjini, nawe nikakuambia ni kwa sababu kwake kuna pa kuegesha magari; yeye mwenyewe hajui lolote. Si magari, Baba. Niliuonea aibu mkono wako. Nilikuzika ukiwa hai, nawe ukinitumia asali kila likizo.

Daktari nilimrudia nikamwambia ukweli. Akanikagua upya, hakukuta jipya, akanikanya nisimdanganye tena. Kwa Nicodemus ilikuwa ngumu zaidi. Alikwenda kwa wazazi wake kuwaeleza, akakaa huko siku tatu. Kisha akaja na neno la baba yake: hawawezi kuomba binti kwa mdogo mtu ilhali mwenye binti yu hai. Posa ile wameifuta. Wanaomba kuanza upya, kwako Kumsenga, Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa saba, na mzee wao anataka kukupa mkono.

Ukikataa kuwapokea sitalalamika, maana nimestahili. Mwambie wifi Kezia anipigie neno moja tu: waje, au wasije. Vyovyote utakavyosema, mimi nitakuja siku moja kabla, nikuombe msamaha kwa magoti, si kwa karatasi.

Nisalimie kaka na watoto, na majirani wote wanaoniulizia. Mungu akutunze, Baba. Bado nakuhitaji.

Ni mimi binti yako,
Aneth Tharsisi