Nani Atamtuma Kavata?

Mukuyuni,
12 Januari 1986

Kwa wifi yangu Nzilani,

Pokea salamu kutoka nyumbani. Sisi hatujambo, ila magoti yangu yananisumbua asubuhi, na mbaazi zimeingia wadudu kabla hatujazimaliza kuchuma. Habari za kazi na joto la Mtito Andei?

Barua hii anakuletea Kavata mwenyewe. Tangu kaka yako Musembi afariki, huu ni mwaka wa pili, nimejaribu kumweka shule nikashindwa. Sasa ana miaka kumi na sita. Ulisema Bwana Faki anatafuta wasichana wa hoteli yake, na kwamba wewe ndiye unayewafundisha kazi. Basi mfundishe. Huku hakuna kitu isipokuwa vibarua vya kupalilia, na wadogo zake wananitazama mimi. Kazi hii ikimshinda sina pengine pa kumpeleka.

Liko jambo moja, ingawa unalijua. Huyu amebeba jina la mama yenu, na kwetu mwenye jina ni kama yule yule aliyemrithi. Mimi niliolewa nyumba hiyo. Sikuweza kumtuma mama mkwe wangu kuteka maji. Kaka yako naye alimwita mwaitu, yaani mama yangu, tangu akiwa mchanga. Siku moja alimwomba amletee wembe na kioo anyoe ndevu. Mtoto akasema, "Nacheza." Musembi akainuka na povu usoni, akavifuata mwenyewe, akaniambia, "Mama amekataa." Alicheka mpaka povu likamwingia mdomoni.

Ndivyo Kavata alivyokua. Si mvivu. Akianza kazi huimaliza vizuri kuliko mimi. Lakini hajawahi kuambiwa acha hii, shika ile.

Nisalimie Bwana Faki na mkewe Khamisa.

Wifi yako,
Mutindi


Mtito Andei,
9 Februari 1986

Kwa wifi Mutindi,

Salamu nyingi sana. Mimi ni mzima, na huyo mama yetu ni mzima pia. Umejaribu kuyakanda magoti kwa maji ya chumvi? Jaribu.

Nilimweka Kavata kwenye chapati. Wifi, zinatoka nzuri mpaka madereva wa malori wanauliza nani kazipika. Shida ni kwamba hapa hakuna mtu wa kazi moja. Basi la Mombasa likisimama, watu wanashuka na njaa na dereva anapiga honi kabla hawajakaa vizuri. Wakati huo aliye jikoni anabeba chai, wa chai anafuta meza, wa meza anakimbia lojing'i kutandika vitanda vya wageni wa kulala. Wasichana wengine nimewafundisha kwa wiki moja. Nawaambia, sikio liwe mlangoni hata kama mkono uko kwenye unga.

Juzi mabasi mawili yalifika pamoja. Bwana Faki akamwambia Kavata aache unga abebe chai. Akajibu kwa upole, "Namaliza hii kwanza." Akaendelea kusukuma. Watu wakarudi kwenye mabasi bila kunywa. Bwana Faki akanigeukia akaniambia nimtume. Nilifungua mdomo nikasikia ninasema, "Mwaitu, ukipata nafasi kidogo..." Wale wasichana walianguka kwa kicheko. Bwana Faki aliuliza, "Nzilani, hapa ni hoteli au ni ukweni?"

Nilicheka na mimi, lakini baadaye aliniita kando. Anasema ananipa muda kwa sababu ya heshima yangu, si kwa sababu ya chapati.

Mwandikie wewe. Wewe ni mama yake mzazi. Mimi kila nikimtazama naona jinsi mama alivyokuwa anakunja midomo, na maneno yananiishia.

Wifi yako,
Nzilani


Mukuyuni,
23 Februari 1986

Kwa wifi Nzilani,

Salamu za upendo. Maji ya chumvi yamenisaidia kidogo, asante. Mvua bado hatujaiona.

Nimejaribu kumwandikia. Jumapili iliyopita baada ya kanisa nilikaa na kalamu, nikaandika, "Kavata, sikia nikwambie." Hapo nikasimama. Mama yenu aliniambia maneno hayo hayo siku nilipounguza maharagwe ya wageni, kisha akaingia jikoni akanisaidia kupika mengine, asimwambie mtu. Nitayarudishaje kwake? Nikachana karatasi. Nikaandika nyingine inayoanza na nakuomba, nikaona hiyo haifundishi mtu kazi.

Utanicheka. Nimeanza kujizoeza kwa Ndolo, mdogo wake. Namwambia alete kuni, kabla hajafika namwambia aache kuni afukuze kuku, kabla hajafukuza kuku namwita ashike mtoto. Ameniuliza, "Mama, nimekukosea nini?" Nikamwambia hujanikosea, nenda ukacheze. Naye nimeshindwa.

Nimewaza hivi. Khamisa si wa ukoo wetu. Kwake jina la Kavata ni jina tu. Mwombe awe anamtuma yeye, tena waziwazi, mbele ya watu. Nadhani mtoto atasikia kwa mtu asiyemwogopa. Kama Musembi angekuwepo ningemwambia aje huko mwenyewe, ingawa najua angefika akamvulia kofia.

Usimwache, wifi. Tafadhali.

Wifi yako,
Mutindi


Mtito Andei,
8 Juni 1986

Kwa wifi Mutindi,

Salamu. Natumaini mmevuna chochote. Umekaa muda mrefu bila kusikia kutoka kwangu, na hata leo sina habari ya kukufurahisha, kwa hiyo nitaisema tu.

Khamisa alikubali ulivyoomba. Alimtuma wazi, bila kumtukana, na Kavata alijitahidi sana. Tatizo ni kwamba alitii kama anavyofanya kila kitu, mpaka mwisho. Siku moja katikati ya Mei, Khamisa alimwita kutoka lojing'i: "Kavata, acha hizo, njoo!" Akaacha papo hapo, chapati zikiwa kikaangoni na mafuta yakichemka. Mimi nilikuwa nje nikipokea kuni. Tuliporudi moshi umejaa na pazia la jikoni linawaka. Tulizima kwa mchanga. Hakuna aliyeumia, lakini wageni walikimbia wote. Bwana Faki alimuuliza kwa nini hakutoa kikaango. Kavata akasema, "Si mlisema niache?"

Aliachishwa siku hiyo hiyo. Nilimsihi Bwana Faki mpaka akaingia ndani akafunga mlango.

Nikimfungia nguo zake, Kavata aliniambia, "Shangazi, kumbe nyinyi wote mliniogopa." Hakuwa na hasira. Alisema kama mtu anayeuliza njia.

Nilimpandisha basi la kuja nyumbani. Nilidhani yuko kwako. Wiki iliyopita ndipo dereva mmoja aliniambia amemwona kwenye kituo cha Salama, njia ya Nairobi, kwa mama anayeitwa Kalunde, anayeuza chai na mahindi kando ya barabara. Nimetuma watu mara mbili wakamwambie arudi. Anawapa chai, hawapi jibu.

Nisamehe. Sijui la kufanya.

Wifi yako,
Nzilani


Mukuyuni,
13 Julai 1986

Kwa wifi Nzilani,

Salamu nyingi. Huna kosa kwangu. Tumevuna ndengu kidogo, tunashukuru.

Nilikwenda Salama Jumanne. Nilifika magari yamejaa barabarani. Nilimwona kabla hajaniona. Huyo Kalunde ana sauti kubwa. "We msichana! Moto! Acha moto, mayai! Mayai baadaye, huyo wa kofia anataka chai!" Na Kavata anakwenda, wifi. Alisogeza sufuria kando kwa mguu huku akimenya yai, akawa tayari dirishani mwa basi kabla halijasimama. Amekonda. Mkononi ana kovu la mvuke ambalo hakuondoka nalo hapa.

Nilipomfikia alisema, "Mama, umekuja," kama watu tulioachana asubuhi. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima. Nikaanza kumwambia twende nyumbani. Akasema, "Siwezi sasa, basi linakuja. Shika hii beseni. Usisimame hapo, pita upande huu."

Nikaishika. Kisha akanituma maji, nikaenda. Akanituma kuni, akaniambia niziache nifute vikombe, nikaacha nikafuta. Kalunde akauliza kama mimi ni mfanyakazi mpya. Kavata akamjibu, "Ni mama, lakini anafundishika," na wakacheka. Nikacheka na mimi. Nilifanya kazi mpaka jioni, na yale niliyokuja nayo sikuyasema.

Tulilala kitanda kimoja. Nilitaka kumuuliza kama anatendewa vizuri, lakini alishikwa na usingizi akiwa bado anavua viatu. Asubuhi alinipeleka kwenye gari, akakaa nami kidogo tu, Kalunde akamwita, akaondoka mbio. Sijui kama atakuja kwa ibada ya kumkumbuka baba yake mwezi ujao. Sikuthubutu kumwambia lazima aje.

Wewe uko barabarani, na madereva wanaokwenda juu, upande wa Salama, wanapita kwako. Ukipata mmoja wa kuaminika, mpe salamu zangu ampelekee Kavata. Asimwambie arudi. Amwambie tu kwamba mama yake wa Mukuyuni anaomba akumbukwe.

Wifi yako,
Mutindi