Tufaha la Studio

2 Mei

Mwanangu,

Hujambo huko chuoni? Mimi mzima, mgongo tu, kwa kusimama studio kutwa nikiwaambia watu watabasamu.

Jana mama wa mchumba wako alikuja kutupima kama tunafaa. Meza ilikuwa tupu, nikaipamba kwa bakuli la yale matunda ya nta tunayopigia picha. Kugeuka kufuata chai, narudi, ameshauma tufaha! Akatafuna. Akameza. "Tamu kweli, mkwe mwenzangu." Ningemwambiaje? Nikasema tumelichuma uani. Sasa anataka mche.

Mama yako


6 Mei

Shikamoo Mama,

Pole na mgongo. Mwili wangu haujambo, kichwa ndicho sikielewi.

Tafadhali mwambie ukweli. Nampenda mchumba wangu, sitaki kuingia kwao kwa uongo. Anasema mama yake amelisifia tufaha hadi kwa majirani. Mama huyo hajui kweli? Au anajua, anangoja tuseme? Nafungua kitabu, naona bakuli.

Binti yako


15 Mei

Mwanangu,

Tulia kwanza, ule, ulale.

Nilikwenda kwa mkwe mwenzangu nikaseme ukweli. Kabla sijakaa akanishikisha kichala cha zabibu. "Na sisi tuna shamba letu. Onja." Nikabonyeza: nta tupu! Na uso wake mkavu, hata ukope haukucheza. Nikala tatu. Nikaomba na za kufungasha. Hapo hapo akataja tarehe ya harusi. Sijui tumekubaliana nini.

Mama


2 Agosti

Shikamoo Mama,

Natumaini uchovu wa shughuli umekwisha. Mume wangu anakusalimu.

Jana baada ya chakula mama mkwe alileta bakuli la matunda. Nikajikaza, nikasema kwa adabu zote, "Mama, haya ni ya nta." Akachukua peasi, akalinusa. "Nani kakudanganya, mwanangu?" Hajawahi kuniita hivyo. Akanikatia kipande chembamba, kama cha mgonjwa, akanilisha kwa mkono wake. Nikameza.

Nilimfuata mume wangu jikoni. "Mama yako anajua?"

"Anajua nini?" akauliza, huku anatafuna.

Mama, mimi sijui tena. Limebaki tunda moja, mama mkwe amekuwekea wewe la Jumapili. Njoo. Usiniache peke yangu kwenye meza ile.

Binti yako