Kabla Hujainunua Ile Mashua

Mjukuu wangu Kulwa,

Shikamoo yako imefika Didia, marahaba. Sisi wazima. Mama yako amevuna choroko, na goti langu tu ndilo linalonung'unika kila nikisimama.

Umeandika kwamba huko Chato umepata mashua ya tanga iliyotumika, na wote waliowahi kuimiliki wanaisifu. Unauliza umwamini nani. Yaani umekosa wavuvi wote hao, ukaona umuulize mzee wa ng'ombe. Haya.

Mimi na kaka yangu Masanja tulinunua moja hukohuko. Muuzaji mwenyewe alitupeleka kwa wamiliki wa zamani. Wa kwanza akasema ina mbio, wa pili akasema inabeba mzigo. Wa tatu, mzee mmoja, alitutazama kwanza, kisha akauliza, "Wanangu, mnajua kuogelea?"

Nikacheka. "Mzee, tunanunua mashua, tuogelee ya nini?"

Mzee akamtazama muuzaji, kisha akatuaga.

Mwezi haukuisha, mashua ilipasuka ziwani na Masanja hakurudi. Yule mzee alikuja msibani mpaka huku Didia. Akaniambia, "Niliona haya kumharibia mwenzangu biashara, naye amesimama palepale."

Basi rudi kwa hao watu peke yako, muuzaji asiwepo. Ukiulizwa swali la ajabu, kaa chini ulijibu.

Jambo moja sijawahi kumwambia mtu. Siku ile Masanja alikuwa ameshafungua mdomo amjibu yule mzee. Aliponisikia nacheka, akaacha.

Babu yako