Tajiri Aliyemsemesha Baba

Alkhamisi, 2007

Sijui nicheke au nilie. Wiki ya saba hii tangu Baba apate kiharusi, na hakuwa ametamka hata neno. Nnamlisha, nnamsomea gazeti, na khofu yangu simwambii mtu: kwamba sauti yake imeshakwenda.

Leo nimerudi kutoka kazini, kule kwenye viwanda vya Rusayl, nikamkuta Baba amekaa na Mama mbele ya televisheni. Habari ikasema ile timu yake ya mpira ya Uingereza, aliyoanza kuipenda akiwa kijana Unguja, akiisikiliza kwenye redio, imenunuliwa na tajiri wa nchi nyengine. Mkono wake wa kulia, ule mzima, ukakamata kiti. Nikakhofu presha isije ikapanda, nikainuka kuzima.

"Wacha!"

Ni Baba aliyesema. Mama akaangusha kikombe.

Baba akamnyooshea kidole yule tajiri anayetabasamu na skafu ya timu shingoni, akasema polepole, maneno yakimkwama: "Kanunua timu. Mimi... hajaninunua."

Mama akamkumbatia, machozi yanamtoka. "Sema tena, mume wangu. Mtukane ukitaka!"

Baba akatazama zulia. "Chai imemwagika," akasema.

Tumecheka mpaka jirani kaja kuuliza kuna nini.

Mkono wa kushoto bado haunyanyuki, na daktari kesho huenda akatwambia tusitaraji mengi. Alhamdulillahi hata hivyo. Mashabiki wenziwe Baba leo wanamlaani yule tajiri. Mimi, baada ya sala ya Isha, nimemwombea kheri.