Kielelezo Kisichoweza Kusubiri

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: limehifadhiwa, shahidi akiwa mtoto
Umri: miaka kumi na sita
Kazi: mwanafunzi wa sekondari
Makazi: chumba cha juu ya duka la fundi cherehani, nyuma ya soko
Yameandikwa na: koplo wa zamu, dawati la mapokezi

Nitajitahidi kusema polepole kama nilivyoombwa, ingawa moyo wangu unakwenda mbio.

Kaka yangu ni fundi baiskeli. Amelazwa kwa homa ya uti wa mgongo iliyoletwa na fangasi. Si ile fangasi ya kuwasha vidoleni, afande. Hii imeingia mpaka kwenye utando wa ubongo. Dawa yake haiuzwi bila cheti cha daktari, na hupitishwa kwenye dripu kila siku. Juzi muuguzi alikuja wodini mikono mitupu, akatuambia dawa imekwisha stoo. Mama alizunguka na cheti katika maduka yote ya dawa ya mjini. Kila mahali aliambiwa, "Hiyo imeadimika, mama, jaribu duka la mbele," mpaka maduka ya mbele yakaisha. Daktari ametuambia kwamba siku mbili bila dawa ni nyingi, na ya tatu asingependa kuiona. Ya tatu ni leo.

Jana jioni mfamasia wa hospitali alimpata mwenzake wa mji wa pili kwa simu, wakakubaliana kukopeshana chupa za wiki nzima. Zingekuja kwa basi la asubuhi ndani ya kasha la kuhifadhia baridi. Mfamasia aliniambia, "Zikipata joto, utakuwa umeniletea maji." Nilijitolea kwenda kuzipokea kwa sababu mama habanduki kitandani. Kaka akianza kutetemeka, ni yeye anayemshika.

Mnamo saa tano kasorobo asubuhi nilifika kituo cha mabasi. Penye kivuli cha ukuta wa ofisi ya tiketi alikuwa ameketi muuza aiskrimu ambaye watu wote humwita Kipupwe, kasha lake miguuni. Aliniona nikichungulia barabara kila dakika, akasema, "Mdogo wangu, basi haliji kwa kukodolewa macho. Keti." Nikaketi.

Basi lilipofika kondakta alinikabidhi kasha, nikalipokea kwa mikono miwili. Lilikuwa la buluu, mfuniko mweupe. Simu ikalia, alikuwa mama. Nililiweka chini, kando ya Kipupwe, nikasema, "Mama, imefika! Ninayo!" Nikasikia analia, na mimi nikacheka, sijui kwa nini. Nikakata simu, nikanyakua kasha, nikakimbia. Kipupwe wakati huo alikuwa amenigeukia mgongo akimhesabia mteja chenji.

Wodini mfamasia alifungua kasha juu ya meza ya muuguzi. Ndani mlikuwa na aiskrimu, nyekundu na za manjano, zimepangwa vizuri. Kaka yangu, ambaye tangu jana alikuwa hafumbui macho kwa maumivu ya kichwa, alifumbua moja akasema, "Daktari kabadilisha dawa? Mimi nataka ya embe."

Mama alimwambia, "Nyamaza wewe, tuko kwenye balaa." Lakini niliona anajizuia asicheke.

Nilirudi kituoni mbio. Nilimwuliza kondakta alipoelekea Kipupwe, na nikasema, kwa haraka yangu, kwamba amekwenda na dawa ya kaka. Nilisema "amekwenda na". Sikusema "ameiba". Kondakta hakusubiri nimalize. Alipaza sauti, "Kipupwe kaiba dawa ya mgonjwa!" na vijana wa bodaboda wakawasha pikipiki zao papo hapo.

Nilimkuta mbele ya lango la shule ya msingi. Walikuwa wamemkaba shati, na kengele yake ya kuitia wateja imedondoka chini. Alikuwa amelikumbatia kasha kifuani. Alikuwa akisema, "Nimefungua nimwuzie mtoto nikakuta vichupa! Nilikuwa narudi!" Mmoja wao akamjibu, "Kila mwizi alikuwa anarudi."

Nilijipenyeza katikati yao. Kwa kawaida mimi si msemaji, hata darasani husubiri nitajwe. Lakini nilipiga kelele, "Mwizi gani anatembea akipiga kengele?" Baadhi wakacheka, na yule aliyemshika shati akalegeza mkono. Hapo ndipo askari wawili wa doria walipotokea, wakatuchukua sote pamoja na kasha.

Nasema wazi kwamba Kipupwe hakuiba. Aliyechukua kasha la mwenzake kwanza ni mimi. Makasha yale yanafanana kama pacha, nami nilikuwa na furaha mno kuangalia. Sina malalamiko juu yake. Kama kuna wa kulalamika ni yeye, maana aiskrimu zake ziko wodini na nadhani sasa ni sharubati.

Tulipofika hapa, afande, ulilibandika kasha karatasi ya kielelezo ukaliweka pale dirishani. Nilikuomba unipe, ukasema, "Binti, kielelezo hakitoki mpaka shauri liishe." Nikakuuliza shauri linaweza kuisha lini, ukasema kuna mengine yana mwaka. Naheshimu utaratibu. Tumefundishwa hivyo na ninaamini hivyo. Lakini hiki ni kielelezo kinachoharibika, na jua limeshafika kwenye mfuniko.

Hayo yote Kipupwe ameyasikia kutoka mahabusu. Naomba uandike alichosema sasa hivi kwa sauti kubwa: "Afande, nifungieni mimi hata wiki, kasha lipelekeni!" Naomba pia uandike kwamba umeweka kalamu chini, ukaenda kulitoa kasha juani, na umegusa ubavu wake kwa kiganja ukasema, "Bado baridi."

Bado baridi, afande! Basi maelezo yangu yanakomea hapa. Ukurasa wa kwanza nimesomewa na ni sahihi. Wa pili nauamini bila kusomewa, tafadhali.

Sahihi ya shahidi: (tazama chini)

MAELEZO YA ASKARI MWANDISHI

Nilimpigia simu mfamasia wa hospitali, naye akathibitisha yaliyosemwa kuhusu dawa. Nilimweleza mkuu wa kituo. Aliagiza kasha lipigwe picha, picha ibaki kama kielelezo, na dawa iondoke mara moja kwa pikipiki ya kituo. Muuza aiskrimu ameachiwa huru bila shauri lolote.

Nilipogeuka kumpa shahidi kalamu asaini, hakuwepo. Alikuwa ameshapanda nyuma ya pikipiki, kasha mapajani. Ilinibidi kumfuata na jalada kwa miguu.

Amesaini mbele yangu wodini, saa nane na nusu mchana, akiwa amesimama kando ya kitanda cha kaka yake. Alisaini macho yakiwa kwa kaka yake, hivyo sahihi haikunyooka, lakini ni yake. Dripu ilikuwa imeshafunguliwa. Mfamasia amethibitisha kwamba dawa ilifika ikiwa salama. Kwa kuwa hakuna aliyeniambia niondoke, nilibaki kidogo nikiangalia matone yakishuka.