Hayawahusu na Kuku wa Mama Mkwe

Jumatatu, 3 Machi

Kipara kaleta mbwa. Huyu Kipara ni mwenzake mume wangu wa kuwinda tangu ujana wao, na hajawahi kuingia kwangu na kitu kisichoniongezea kazi. Kamshusha kwenye pikipiki, kamfunga kwenye nguzo ya uani, kanywa chai, huyo! "Shemeji, hiyo ni dawa ya mgonjwa wako," kasema.

Dawa gani! Miguu mirefu, masikio yananing'inia, kiuno hakuna. Mbwa wa kuwinda, lakini bado mtoto. Kakojolea ndoo yangu kabla pikipiki haijafika barabarani.

Lakini niandike na hili. Mume wangu kaketi. Mwenyewe! Tangu atumbukie korongoni akifukuza kanga, wakamtia vyuma pajani, hainuki ila kwenda chooni, na hapo bega ni langu. Daktari wa viungo anasema mfupa umeshaunga, kilichobaki ni kutembea. Magongo yapo nyuma ya mlango, mapya, hayajaguswa. Kila siku ni "kesho". Leo kajivuta mpaka dirishani, anampigia mbwa mluzi, anacheka. Nilishasahau kama ana pengo.

Sijui nifurahi au nilie. Sare za shule ninazoshona zimejaa nusu ya chumba, hata moja haijatiwa vifungo.


Jumanne, 4 Machi

Kampa jina. Hayawahusu!

Kisa ni jirani yetu, Mama Redio. Kila asubuhi anachungulia juu ya ukuta: mgonjwa kaamka? Katembea? Ukimjibu, mpaka jioni mtaa mzima unajua. Sasa nikisimama uani nikaita "Hayawahusu!", jibu lake kalipata. Mama mkwe kasema jina hilo litamgombanisha na watu. Nilimwona akicheka ndani ya mtandio.

Banda la mbwa nimelipigilia mimi. Mbao za kitanda cha zamani, bati moja. Mume wangu anaamuru kutoka dirishani — pandisha, shusha, si hapo. Nyundo mkononi mwangu, ufundi mdomoni mwake. Kidole gumba kimevimba, na kesho kinatakiwa kushika kitambaa.


Alhamisi, 6 Machi

Mbwa banda halitaki. Analia mpaka watu wanagonga ukuta. Nimemhamishia chumba cha kushonea, chini ya cherehani. Kanyamaza hapo hapo. Anataka watu tu, masikini.

Kwa hiyo kazi yote ya banda bure. Haya.


Jumapili, 9 Machi

Mama mkwe hamtaki. Simlaumu. Kuku ni wake, paka ni wake, nyumba ni yake, mwana ni wake. Mimi ni wa kuwafagilia wote.

Paka wake ni Chongo, ana jicho moja, mzee, mkali. Alikuja nyumbani mwaka aliokufa baba mkwe, na tangu hapo analala miguuni pa mama. Leo kamchapa Hayawahusu kofi la pua mlangoni. Mbwa kajificha nyuma ya sare! Kwa Chongo sina wasiwasi. Kuku ndio wasiwasi wangu. Wakipita, mwili wa mbwa wote unakaza, hata mkia hautikisiki.

Chakula cha mchana mama kaanza tena na methali yake: asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Alimkataza mwanawe kwenda kuwinda siku ile. Mume wangu hujibu kila mara, "Mama, na mimi nimetii methali yako." Leo hakujibu. Alikuwa anaitafuta filimbi yake ya mawindo kwenye droo.

Mafundisho yenyewe ni hivi. Mimi nashika kamba uani, kuku wamemwagiwa mtama. Yeye yuko dirishani na filimbi. Mbwa akikaza mwili, filimbi mara moja. Akigeuka kutazama dirisha, mimi nampa kipande cha ngozi ya nyama. Asipogeuka, namvuta. Nimevutwa mimi zaidi.


Jumatano, 12 Machi

Mama mkwe kaniambia njia yake. Akileta kuku mgeni, anamfuta kwa kitambaa kimoja na wale wa zamani, harufu zinachanganyika, hawadonoani. "Jaribu na hilo jibwa lako," kasema. Sasa ni jibwa langu!

Nimeona ina akili. Nimechukua shati la kijani la mume wangu, lile linaloning'inia nyuma ya mlango. Safi, nililifua mwenyewe. Nikawaza: harufu ya bwana wake ikiwa juu ya kuku, atawaheshimu. Nimemfuta mbwa, nimewafuta kuku, mmoja mmoja, wananipiga mabawa usoni. Mgongo hauna kauli.

Angalau leo nimefanya kitu cha maana.


Alhamisi, 13 Machi

Kuku wawili! Wawili kwa mpigo!

Nimegeuka kuchukua pini tu. Kamba ilikuwa kwenye mguu wa cherehani — kaondoka na cherehani mpaka kizingiti, fundo likafunguka. Nilipofika uani kashamaliza. Hakuwala. Kawabeba mmoja mmoja, kawalaza chini ya dirisha la mume wangu, kakaa anasubiri kusifiwa.

Mume wangu kaniuliza, taratibu: jana uliwafuta na nini? Nikamwambia, shati lako la kijani. Kajifuta uso kwa kiganja. Halafu akasema hilo ndilo alilokuwa akifungia kanga mgongoni, miaka yote, na mbwa wote waliopita nyumbani kwa Kipara, huyu naye, wamefundishwa kuwinda kwa kunusishwa harufu hiyo ya kanga. Sabuni haimdanganyi mbwa. "Umewapaka kuku wa mama harufu ya windo, mke wangu."

Kaanza kucheka. Kacheka mpaka kitanda kinalia, na mimi nikacheka, nimekaa chini na manyoya kichwani. Kisha nikaona kumbe yeye hacheki tena, analia.  Nimeshika mguu wake mzima nikakaa hivyo hivyo.

Mama hakucheka wala kulia. Kasimama mlangoni: mnyama wake mmoja tena akiguswa, awe mkubwa awe kifaranga, ataita bwana mifugo aje na sindano ya kumuua mbwa. Na ataita kweli. Namjua.

Mchana wote nimeogesha kuku waliobaki. Kwa sabuni! Mama Redio kasimama kwenye ukuta wake kama amelipa kiingilio.

Nalisema hapa kwa sababu kwingine siwezi. Mbwa huyu akiondoka, mume wangu atageukia ukuta kama alivyokuwa kabla hajaja. Na safari hii sitakuwa na nguvu ya kumgeuza.


Jumamosi, 15 Machi

Nimechoka. Hata kuandika.


Jumatano, 19 Machi

Kuku mwenye vifaranga kamfundisha Hayawahusu kuliko sisi wote. Kasogeza pua karibu mno — mama wa watu kamrukia, kamdonoa sikio mpaka damu. Tangu hapo akimwona anazunguka mbali, anatazama pembeni kana kwamba ana shughuli zake. Na filimbi sasa anaitii. Leo kifaranga kimepita katikati ya miguu yake ya mbele. Kakaa kimya! Anatetemeka, lakini kimya. Nilikuwa nimeshika kamba mpaka viganja vimechubuka.

Mume wangu anajinyoosha dirishani mpaka nusu ya mwili iko nje. Kalalamika kwamba mbwa akienda nyuma ya banda hamwoni.

"Basi toka nje umwone," nikasema. Imenitoka tu. Nina usingizi, nina deni la vifungo, ulimi hauna breki.

Karudisha kichwa ndani. Nikadhani nimeharibu.


Ijumaa, 21 Machi

Kaniuliza kama magongo yale yana mpira chini. Nikasema yana. Kasema "mh".

Nimeenda jikoni nikafunga mlango. Nimesimama tu pale, nimeshika sufuria tupu.


Jumapili, 23 Machi

Amesimama! Mama alikuwa ibadani. Kashika gongo la kwanza, la pili, jasho linamtoka, ananitukana, analitukana korongo, anamtukana Kipara — na kasimama. Hayawahusu kakaa mbele yake anamtazama juu, kichwa upande, maana tangu aje hajawahi kumwona bwana wake ana urefu huo.

Hataki mama ajue. Anataka afike mwenyewe mpaka mlangoni kwake, abishe hodi. Mtu mzima na mambo ya kitoto! Nimekubali. Mama naye kila siku anamwombea mguu huo, namsikia ukutani. Akimwona wima mlangoni kwake, hata hao kuku wawili atawasamehe.


Jumatano, 26 Machi

Vifungo, vifungo, vifungo. Hayawahusu kameza kimoja. Mwalimu mkuu kapiga simu kuulizia sare, nimemwambia Ijumaa. Sijui Ijumaa ya mwezi gani.

Mume wangu leo kafika kwenye korido. Kapumzika kwenye kiti, karudi.


Ijumaa, 28 Machi

Naandika hapa cherehanini ili mikono iwe na la kufanya.

Mvua ilinyesha asubuhi, ikaacha. Mama alikwenda kumwona rafiki yake mgonjwa. Mume wangu kasema leo uani, leo leo. Nikamwambia matope, subiri pakauke. Kasema amesubiri vya kutosha. Nilimsikia anavyosema hivyo, na sikuwa na moyo wa kumkatalia. Kamba ya mbwa kaizungusha kwenye kiganja chake, ati anataka kumshika mwenyewe. Ningemkataza. Sikumkataza.

Katoka! Kuku wanapekua, mbwa anatembea pembeni yake pole pole, hawaangalii hata. Hata! Mume wangu anapumua kwa mdomo, anacheka, gongo linazama, analing'oa, hatua nyingine. Nilikuwa nalia bila aibu. Kama Mama Redio alikuwepo, hata sikuangalia.

Ndipo Chongo akaruka kutoka ukutani, akakatiza uwanja mbio, akikimbia matope.

Mbwa akaondoka. Kamba ikakaza, mume wangu akayumba, gongo moja likaanguka. Ni mimi niliyepiga kelele, "Iachie!" Niliona anakwenda chini, mguu ule ule. Akaiachia. Akabaki wima, kaegemea gongo moja.

Haikuchukua muda. Wala Chongo hakulia. Hayawahusu kamleta, kamweka chini mbele ya miguu ya bwana wake, taratibu, kakaa.

"Ndani anamjua," mume wangu kasema. "Paka akikimbia mbele yake nje, mbwa hajui tena kama ni yeye. Nililijua hilo. Nilijua, nikasahau." Hakumpiga. Kaniomba gongo lililoanguka, kageuka, karudi ndani peke yake. Peke yake, mpaka kitandani! Kalala, kageukia ukuta.

Nimemfunga Chongo kwenye kipande cha kitambaa cha sare, kipya. Nimemzika nyuma ya banda. Udongo ulikuwa laini kwa sababu ya mvua. Nikasema nitamwambia mama mwenyewe, akiingia tu, kabla hajavua viatu. Nilishayapanga maneno.

Kaingia jioni hii. Hakuvua viatu. Kasimama uani anatazama chini, kainama, kagusa matope kwa kidole. Matundu ya magongo, mawili mawili, yanakwenda na kurudi. Na katikati yake nyayo.

"Mwanangu," kaniambia. "Huu ni mguu wake?"

Nikasema ndiyo mama. Maneno yangu yote niliyoyapanga yakaniishia hapo.

Kaingia chumbani kwa mwanawe na matope yake. Kakaa kitandani, kaushika ule mguu wenye vyuma, kalia. Kasema alidhani atakufa hajauona ukikanyaga chini. Mume wangu hakugeuka. Mama kadhani ni machozi, kampapasa mgongo, lala mwanangu, lala, umechoka. Halafu kamwita mbwa. Yeye! Kwa jina! Kamshika kichwa kwa mikono miwili, kamwambia nilikusema vibaya, nisamehe. Kaniagiza leo nimpe nyama, nzima, isiyo na mifupa, kwa ajili yake.

Kisha kasema ngoja akampe Chongo maziwa yake, anaona leo kachelewa kuja kumpokea.

Yuko uani sasa. Namsikia. "Chongo! Chongo we! Njoo nikupe habari!" Anagonga kibakuli kwa kijiko. Mama Redio anamsalimia juu ya ukuta, anamuuliza hali ya nyumbani, na mama anamjibu kila kitu, kwa furaha, mwanawe katembea, njoo uone matundu. Sijui Mama Redio aliona nini mchana. Sisikii anajibu nini.

Mume wangu kageuka kutoka ukutani. Ananitazama kupitia mlango ulio wazi. Hasemi niseme, hasemi ninyamaze. Mbwa yuko chini ya cherehani, kichwa juu ya mguu wangu. Matope ya jembe bado yako kwenye kucha zangu, yameshachafua kola nyeupe niliyoishika.

Kijiko kimenyamaza.

"Mwanangu," mama ananiita. "Hebu njoo hapa."