Doa Kwenye Pafu la Kulia

Jumatatu, 4 Machi

Leo zamu ya mtaa wetu kupimwa kifua. Mashine ya eksirei wameiweka ndani ya maneaba, pale pale tunapofanyia mikutano. Nimekwenda kwa sababu kila mtu amekwenda. Sikohoi. Sijakonda — gauni langu la kanisani linanibana kuliko mwaka jana! Muuguzi Baraniko akauliza kama usiku natokwa jasho. Nikamwambia, mwanangu, usiku mimi nalala fofofo. Foleni nzima ikacheka.

Saa kumi wifi yangu Tinaai akaja kunywa chai kama kawaida. Akasema mikate yangu imeungua. Kila siku anasema hivyo. Kila siku anakula miwili.

Jumatano, 6 Machi

Baraniko amekuja kwa miguu, mwenyewe. Nilipomwona anavua kofia mlangoni, nikajua hakuja kusalimia.

Kuna doa. Dogo, juu, pafu la kulia. Kompyuta imelizungushia duara.

"Mama Roiti, tumeiwahi TB kabla haijakuangusha," akasema. Tumeiwahi! Marehemu mume wangu Nakibae alikohoa mwaka mzima akisema ni vumbi la saruji, mpaka alipokwenda hospitali ilikuwa kwenda tu, hakurudi. Mimi sikohoi hata kidogo. Hayo makohozi waliyotaka nimehangaika kuyatafuta asubuhi nzima.

Ijumaa, 8 Machi

Makohozi yana vijidudu. Vidonge miezi sita, nimeanza leo. Majuma mawili ya mwanzo nisikae na mtu ndani.

Kisha Baraniko akashika kalamu. Nani anakaa nawe ndani kwa muda mrefu? Binti yangu yuko Auckland. Mume wangu yuko kaburini, hapo nyuma ya nyumba. Kalamu ikasubiri. Amebaki mtu mmoja tu, wa chai ya saa kumi.

"Hakuna," nikasema.

"Hakuna kabisa, mama?"

"Hakuna."

Akaandika. Akanitazama kwa huruma, nikatamani kumfukuza.

Tinaai alipokuja nilimwambia kupitia dirisha nina mafua, arudi kwake. Akaniita mdekaji. Akaondoka.

Jumapili, 10 Machi

Sikwenda kanisani. Kwaya naisikia kutoka hapa, sauti ya pili imepwaya.

Mikate ya jana imebaki yote. Watu wamemwona Baraniko akija mara mbili, basi wameshajua. Lakini hilo silo linaloninyima raha. Baraniko alisema mdudu anaweza kulala mwilini miaka, mtu hajisikii chochote, ni damu tu ikipimwa ndiyo inayosema. Tinaai ndiye aliyemuuguza kaka yake. Alimlisha kwa mkono wake, mlango umefungwa kwa sababu ya upepo. Na tangu tumzike, miaka mitatu, chai na mimi humu ndani.

Nikimtaja nampoteza. Nisipomtaja —

Alhamisi, 14 Machi

Nimemtaja.

Nilikwenda kliniki nimefunika mdomo. Njiani wanawake wawili wakahamia upande wa pili wa barabara. Baraniko hakunigombeza. Akakata lile neno "hakuna", akaandika jina. Nikarudi nikalala mchana kutwa, nguo zangu zimeanikwa nje na mvua inanyesha.

Jumanne, 19 Machi

Tinaai! Amesimama barabarani, uani hakuingia.

"Umenitaja!"

Nikamuuliza picha yake ikoje.

"Picha safi! Damu ndiyo imesema. Eti mdudu yumo humu, amelala. Miaka yote amelala, sasa wewe ndiye wa kwenda kumsema!"

"Wifi, ni heri akiwa amelala. Vidonge vya miezi mitatu tu, humalizi hata —"

"Usiniite wifi. Nimemzika kaka yangu kwa ugonjwa huo. Sasa na mimi watoto wangu waambiwe wasinikaribie?"

Vidonge amepewa. Anasema atavitupa baharini. Majirani wote walikuwa nje wanasikiliza, hakuna aliyejifanya anafagia. Nilitaka kumwambia, vitupe vyangu, vyako meza.

Jumatatu, 25 Machi

Baraniko ameniruhusu kukaa na watu.

Watu gani?

Jumamosi, 30 Machi

Asubuhi nilikuwa nakuna nazi. Nikasikia jina langu, kwa sauti ya chini, nyuma ya nyumba. Tinaai — kwenye kaburi la kaka yake, anang'oa majani pale ambapo nilishapalilia mimi. Uso ameelekeza huko huko.

"Roiti. Mkojo wako ulikuwa mwekundu?"

Nikashika mdomo nisicheke.

"Nakuuliza! Mwekundu kama soda. Jana nusura nipige kelele chooni. Nakufa?"

"Hufi. Ni vidonge. Na wangu mwekundu."

"Mpaka leo?"

"Mpaka leo."

Akarudi kwenye majani. Akang'oa. Nikamwambia aingie ndani, jua kali. Akasema hataki, bado amenikasirikia. Nikamwambia sawa.

Naandika haya nimeketi kizingitini. Pale hapana jani hata moja tena, ila bado amechutama, mgongo kwangu. Sasa anauliza, bila kugeuka, kama vidonge vinatakiwa kumezwa kabla ya kula au — ngoja nimjibu